Siku moja maishani mwangu: kuanika michembe na matobolwa

Saa 12 asubuhi. Natazama mbingu kabla ya viazi vitamu. Ni Julai, Shinyanga, kiangazi kimekolea. Lakini wingu likitanda sikati hata kimoja, maana kiazi kikishakatwa hakisubiri. Viazi vilivyochimbwa juzi vimelala kivulini vikanywea kidogo. Chenye matundu ya fukusi, mdudu anayetoboa viazi, nakitupa kizima: uchungu wake huingia hata pale panapoonekana pazima.

Saa 1. Kilo 15 ni za michembe, yaani humenywa na kukatwa vibichi. Kilo 5 zinaingia sufuriani na maganda yake, ziwe matobolwa.

Hadi saa 3 ni kisu tu. Kipande cha mchembe kiwe milimita 3 hadi 5, kama sarafu mbili zilizobebana, na vyote vilingane. Kipande kinene hukauka nje kikabaki na maji ndani. Hicho kimoja kinatosha kuozesha gunia. Asiyetaka rangi ya kahawia huloweka vipande kwenye maji ya chumvi, kisha akavichuja. Wazee huona ni kujisumbua tu, na kwa ladha hawajakosea.

Sufuria naiepua kisu kinapopenya bila kiazi kupasuka. Kikiiva kupita kiasi hubomoka mkononi. Namenya kikiwa vuguvugu, nakata kwa urefu, unene wa kidole.

Saa 3 na nusu, kuanika. Mwamba hukausha haraka kwa sababu unashika joto, ila mbuzi na vumbi havikosi. Mimi natumia kichanja cha fito kilichotandikwa wavu, hewa ipite juu na chini. Vipande vipangwe safu moja, visilaliane. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, navianika chini ya kitambaa chepesi, kwa kuwa jua kali linakula vitamini A. Matobolwa yafunikwe chandarua: utamu wake unaita nzi na nyigu.

Saa 6 nageuza. Saa 9 nageuza tena, nikibandua vilivyoshikana.

Saa 11 jioni, kuanua. Hapa ndipo wengi huharibu: huacha nje hadi umande ushuke, au huvijaza kwenye mfuko wa plastiki vikiwa na joto, vikatoa jasho, asubuhi ukungu. Navitandaza ndani, juu ya mkeka.

Kesho naanika tena. Mchembe huchukua siku 2 au 3, tobolwa 3 hadi 5. Mchembe uliokauka huvunjika kwa mlio. Ukipinda, urudishe juani. Tobolwa hubaki gumu kama pembe, halivunjiki kwa mlio. Zile kilo 15 zitatoa kama 4 hivi. Chenye ukungu hakiliwi, wala kuku hawapewi, kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.

Saa 1 usiku. Michembe ya msimu uliopita inaoshwa mara mbili na kuchemshwa hadi ilainike, kisha karanga zilizotwangwa zinaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, zisishike chini.