Kana Satomi na lango la dani ya nne
Jumamosi, nilipokuwa nikiwatazama wazee wakicheza drafti kwa vizibo vya soda karibu na bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, nilimkumbuka Kana Satomi, ambaye siku hizi hutumia jina la Fukuma, bingwa wa shogi aliyezaliwa mwaka wa 1992 huko Izumo, Japani. Shogi ni ndugu wa sataranji, ila kete iliyoliwa haifi: aliyeila huweza kuirudisha kwenye ubao wa miraba 81 ikapigana upande wake. (Pale Jeevanjee, kanuni hiyo ingezua ugomvi hadi magharibi.)

Satomi alianza kucheza kama mwanamke wa kulipwa mwaka wa 2004, akatwaa taji lake la kwanza mwaka wa 2008. Hata hivyo, wanawake wana ngazi yao ya kulipwa, ilhali ile ya jumla, ya wanaume na wanawake, huanzia dani (yaani daraja la ustadi) ya nne. Mwaka wa 2013 akawa mwanamke wa kwanza kufika dani ya tatu, hatua moja kabla ya lango hilo, kisha mwaka wa 2018 kikomo cha umri wa miaka 26 kikamfungia njia hiyo. Alirudi mwaka wa 2022 kupitia mtihani maalumu wa kuingia dani ya nne, wa michezo mitano, uliomtaka ashinde mitatu. Akapoteza mitatu ya mwanzo mfululizo. Kwangu mimi, kuthubutu kuufanya mtihani huo hadharani, akiwa tayari na mataji, kunazidi taji lolote.