Nilivyoivua nyumba ya bibi koti la sementi

Kabla sijajisifu, niwataje walioiharibu: kaka yangu aliyeko Maskati, muuza rangi mmoja wa Darajani, na mimi mwenyewe.

Nyumba ni ya marehemu bibi, Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene hata ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Vyumba ni vyembamba kama vya jirani, maana hapa urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Ukumbi wa chini ulikuwa unatota, lipu ya zamani inapukutika, na kila asubuhi nafagia unga mweupe huku mama anakohoa.

"Tia sementi umalize kazi," kaka akasema kwenye simu. Nikatia. Fundi kijana, mifuko kumi na kitu, siku nne tu, ukuta ukanyooka kama wa benki. Nilialika wageni! Masika ya pili rangi ikaota malengelenge. Nikiliminya moja kwa kidole linapasuka, ndani chumvi laini kama unga wa muhogo. Muuza rangi akaniapia kuwa dawa ni rangi ya mafuta. Nikapaka, unyevu ukapanda juu zaidi. Mwingine akasema taili. Nikapiga taili mpaka kiunoni, maji yakapita nyuma yake yakatokeza kifuani. Kwa akili ile ningefika darini na taili zangu, na unyevu ungekuwa umeshahamia ghorofani kunisubiri.

Tarehe 25 Desemba 2020 ukapomoka upande wa Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la kale la mji wetu. Jioni ile nadhani mji mzima tulikuwa tunagusagusa kuta zetu. Mimi nilipanda juu ya meza nikachoma msumari kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani. Ukazama wote, kama kwenye keki.

Ndipo nikamtafuta mzee wa chokaa. Alikuja mikono mitupu, akakaa barazani akanywa kahawa, kisha akaingia akagongagonga taili zangu kwa ukucha. "Mwanangu, nyumba hii inatoka jasho. Wewe umeivisha koti la mvua." Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia jiwe, akasema, lipu ya chokaa ingeyaachia yatoke yakaukie nje. Sementi imeyafungia njia, basi yanapanda tu mpaka yakutane na boriti. Maneno ya dakika tano, na mimi nimeshamaliza fedha za miaka minne.

Bomba la choo cha juu lilikuwa linavuja, nikalibadilisha. Kibali nikachukua. Sementi tukaibandua kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa mzee aliikataa kabisa, ingetikisa mpaka mawe ya ndani. Halafu ukaja mtihani wenyewe: kungoja. Ukuta ulikaa uchi miezi mitano. Kila asubuhi naupiga brashi kavu, chumvi naikinga kwenye kopo. Nasema kavu, kwa sababu ukiuosha chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Makopo mawili ya maziwa ya unga yalijaa. Wageni nikawa nawapitisha mlango wa nyuma.

Sasa kisa cha ndoo. Mzee aliagiza chokaa ya mawe, yaani madonge kama yalivyotoka tanuuni, hayajaonja maji. Akaniusia: "Maji kwanza, chokaa baadaye, kidogo kidogo, ndani ya pipa la chuma." Akaenda zake mazishini shamba. Mimi mwalimu wa shule, mtu wa kungoja? Nikajaza madonge kwenye ndoo ya plastiki, nikamwagia maji juu yake. Kimya. Nikainama nitazame. Alhamdulillah nilikuwa nimevaa miwani ya kuogelea ya mtoto wa dada yangu, maana kilichofuata sikukitegemea: ndoo ilinguruma, maji yakachemka bila moto, mvuke ukajaa uani, donge moja likapasuka likaruka mpaka kwenye kanga zilizoanikwa. Jirani akapiga kelele za moto. Ndoo ikalegea ubavuni kama mgonjwa anayekaa chini, kisha ikamwaga uji mweupe wote kwenye mlango wa jikoni. Mzee aliporudi aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaomba kahawa. Chokaa ile ingenipata machoni, leo nisingeandika haya. Vaeni miwani, na maji safi mengi yawe karibu.

Mara ya pili nilifuata usia. Chokaa ikapitishwa chekeche, ikalala ndani ya pipa chini ya maji miezi mitatu, ikatoka laini kama malai, inateleza kwenye mwiko yenyewe. Karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga wa shimoni. Wa pwani hapana, chumvi tuliyonayo inatosha.

Kipande cha kwanza nilikiua mwenyewe kwa feni. Nilitaka kikauke upesi. Kesho yake kilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima, na ukikikwangua kinatoka unga. Kumbe chokaa hailingani na nguo. Moto wa tanuu, nyuzi 900 hivi, umeifukuza hewa ya ukaa iliyokuwa kwenye jiwe, na kwenye ukuta chokaa inaivuta tena polepole ndiyo iwe jiwe. Ikikauka kabla haijashiba inabaki vumbi. Basi tukatundika magunia mabichi mbele ya ukuta, nikayanyunyizia asubuhi na jioni wiki nzima. Lipu nyembamba, siku kadhaa, nyembamba nyingine. Ncha ya boriti ilikatwa ikaungwa, hiyo ni kazi ya seremala, sikutia mkono.

Gharama? Chokaa yenyewe haikufika nusu ya taili. Ufundi ndio ulionikausha, milioni moja na kitu, na kahawa ya mzee sikuihesabu. Wala nisiwadanganye kuwa chokaa haina dhambi, tanuu linakula magogo mengi. Ila mawe yote yaliyodondoka yalirudi ukutani, na sementi sikununua tena hata kibaba.

Kaka alikuja Idd. Akaweka kiganja ukutani, akakiweka tena. "Pakavu, dada! Umetia sementi gani?"

Pipa la pili liko chini ya ngazi, linazidi kuiva. Anayetaka aje na chombo chochote, hata ndoo ya plastiki. Hii haichemki tena.