Kisiwa kilichokatazwa kuzaa na kuzika

Katika majira ya baridi ya mwaka 426 KK watu wa Athens walitoa amri kuhusu Delos, kisiwa kidogo cha Ugiriki: makaburi yote yafukuliwe, mifupa ivushwe hadi kisiwa jirani cha Rheneia, na kuanzia hapo asizaliwe mtu Delos wala asife. Kisiwa ni cha mungu wao Apollo, hapo ndipo alipozaliwa yeye na dada yake Artemis, hivyo kisichafuliwe kwa damu ya uzazi wala kwa maiti. Mama akishikwa na uchungu, apakiwe chomboni. Anayekata roho naye, apakiwe chomboni.

Baada ya kutembelea Delos tumeshapita visiwa vingine, sasa tuko kisiwa cha Santorini, lakini habari hii haijanitoka. Mlango wa bahari kati ya Delos na Rheneia ni mwembamba kweli. Masimulizi ya kale yanasema Polycrates, mtawala wa Samos, aliifunga Rheneia na Delos kwa mnyororo kama sadaka kwa Apollo. Ila upepo wa Agosti si wa mchezo. Wenyewe wanauita meltemi, unatoka kaskazini, na siku ukikaza boti za kwenda Delos hazing'oi nanga. Sisi wa pwani tunaiogopa kusi na kuisifu kaskazi. Huku ni kinyume chake. Boti yetu kutoka Mykonos, kisiwa cha jirani, ilikuwa ya injini, safari ya nusu saa hivi, na bado nusu ya abiria walikuwa wameshikilia mifuko ya kutapikia. Nikamfikiria mwanamke wa zama zile, usiku, uchungu umeshamkamata, anavushwa kwa makasia ili mungu asiudhike. Waongoza watalii wanalisimulia jambo hili kama kioja, watu wanacheka. Aliyewahi kuingia leba hacheki.

Halafu si dini tupu. Tangu mwaka 478 KK hazina ya miji iliyoungana dhidi ya Waajemi ilikuwa ikiwekwa Delos. Mwaka 454 KK Athens ikaihamishia kwake. Baadaye ndiyo yakaja ya makaburi. Na mwaka 422 KK wenyeji wenyewe wakafukuzwa kisiwani, eti utakaso haujakamilika, kisha mwaka uliofuata wakaruhusiwa kurudi. Mkubwa akitaka chako, hakosi neno takatifu la kukuondolea.

Mykonos sina mengi ya kusema. Vinu vya upepo vyeupe, vichochoro vizuri, bei za kukutoa machozi. Shoga yangu, aliyenishawishi safari hii, alipiga picha za kumtosha mwaka mzima. Mimi nilikuwa nahesabu saa za boti.

Delos leo ni mahame. Hakuna mgeni anayelala hapo, hata mmoja. Boti ya mwisho ikiondoka, wanabaki walinzi na wanaakiolojia. Hakuna mti wa kukupa kivuli. Unatembea kati ya kuta zinazokufika kiunoni au begani, mijusi inakimbia miguuni, na ghafla unaingia nyumba yenye nguzo za marumaru kuzunguka ua, na sakafuni kuna Dionysos, mungu wa mvinyo, amepanda chui, ametengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi kana kwamba fundi ameondoka jana. Chini ya ua kuna birika la maji ya mvua. Kisiwa hakina mto wa maana, kwa hiyo kila nyumba ilijichimbia lake, na lililo kubwa kuliko yote lina matao ya mawe na lilikuwa likikusanya maji yaliyotiririka kutoka kwenye viti vya ukumbi wa maonyesho. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko kwenye mahekalu. Mtu aliyekulia nyumba ya kuchota maji kwa ndoo anajua kipi ni kazi ya akili.

Ila nyumba hizi za fahari hazikujengwa kwa baraka za Apollo. Mwaka 166 KK Warumi waliirudisha Delos mikononi mwa Athens na kuifanya bandari isiyotozwa ushuru. Wakamiminika wafanyabiashara kutoka Italia, Syria, Misri, na bidhaa iliyoleta faida kubwa ilikuwa binadamu. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anaandika kwamba Delos iliweza kupokea na kusafirisha watumwa 10,000 kwa siku moja, na kwamba palikuwa na msemo: mfanyabiashara, tia nanga, shusha shehena, kila kitu kimeshauzwa. Wataalamu wengi wanaiona hesabu hiyo imetiwa chumvi. Hata ukigawanya kwa kumi, bado ni watu 1,000.

Wengine walidhani uwanja mkubwa uitwao Agora ya Waitaliano ndio uliokuwa soko lenyewe, wengine wanakataa. Nilizunguka pale nikitafuta kibao kinachowataja watu hao, sikukiona. Miungu ina vibao. Wafaransa walianza kuchimba Delos miaka ya 1870, muongo uleule ambao soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa, mwaka 1873. Mkunazini leo unashuka chini, unaonyeshwa vyumba, unasimama mbele ya sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Unaweza kubishana na namna inavyosimuliwa, lakini inasimuliwa. Delos inakuachia uisome mwenyewe katika ukubwa wa nyumba. Mwisho wake pia ulikuwa wa kibandari: ilivamiwa na jeshi la Mithridates, mfalme aliyepigana na Warumi, mwaka 88 KK, ikaporwa tena na maharamia mwaka 69 KK, biashara ikahamia kwingine, watu wakaifuata.

Karibu na hekalu la Apollo kuna kitako kikubwa cha marumaru kilichobeba sanamu ya watu wa Naxos, kisiwa kingine cha huku. Juu yake kuna maandishi ya kale yanayojigamba kwamba sanamu na kitako ni vya jiwe moja. Sanamu ilianguka, vipande vyake vimelala pembeni. Ndiyo maana tulipofika Naxos sikutaka ufuo kwanza. Nilitaka jiwe.

Kijiji cha Apollonas kiko kaskazini kabisa, barabara inapanda na kushuka milima hadi masikio yanaziba. Juu ya kijiji, kwenye machimbo ya kale, amelala jitu la marumaru la zaidi ya mita 10, halijakamilika. Uso umeanza kuonekana, kuna dalili ya ndevu, mikono bado imo ndani ya jiwe. Alama za patasi zipo. Inasemekana jiwe lilipata ufa, mafundi wakaliacha hapohapo, na limelala tangu karne ya 6 KK hivi. Hakuna uzio wala tiketi; watoto wanapanda kifuani mwake. Nimeona sanamu nyingi kamili katika safari hii, na sikumbuki hata moja vizuri kama huyu asiyemalizika, kwa sababu kwake unaiona kazi: vumbi, migongo, na ule mteremko mkali hadi baharini ambao alitakiwa kushushwa.

Hata Portara, lango kubwa lililosimama peke yake bandarini Naxos, ni la hekalu lililoanzwa karibu mwaka 530 KK na halikwisha. Karne nyingi baadaye Wavenisi walibeba mawe yake kujengea ngome yao, lango likawashinda uzito. Jioni watu hujazana pale kwa machweo. Sisi tulikuwa chini tukila pweza wa kuchoma, na kwa upande huo sina malalamiko. Uliza tu bei ya samaki mapema, maana wanauza kwa kilo.

Santorini sasa. Jana tulikwenda Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya volkano karne ya 17 au ya 16 KK. Nyumba za ghorofa mbili na tatu, mifereji ya maji machafu chini ya barabara, mitungi mikubwa imesimama mahali pake. Mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuchimba mwaka 1967 na akafia hapohapo kazini mwaka 1974. Lakini mabaki ya watu waliofunikwa na majivu hayakupatikana. Tetemeko liliwaonya, wakaanza kusafisha vifusi na kutengeneza, kisha wakafungasha na kuondoka.

Mwenye nyumba tuliyopanga aliposikia tumetoka huko, akatueleza ya mwanzoni mwa 2025, ardhi ilipotikisika wiki nzima nzima na zaidi ya watu 10,000 wakakihama kisiwa. Yeye alikwenda Athens kwa binti yake. Nikamuuliza alibeba nini. "Paka," akasema, "na paka hakutaka."

Feri ya Piraeus, bandari ya Athens, ni kesho. Sehemu ya michoro ya Akrotiri, wakiwemo wale wavulana wawili wanaopigana ngumi, imo katika makumbusho ya taifa Athens. Shoga yangu amekubali twende, kwa sharti kwamba leo nimsindikize kijiji cha Oia akapige picha za machweo bila kununa.