Bado Hujashinda?

Wiki iliyopita nilifunga duka usiku, mikono bado inanuka spiriti, nikafungua ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu yangu. Salamu ndefu, habari za watoto, mvua zimechelewa, kisha: "Kaka, miaka tisa sasa uko huko unacheza gofu. Mbona hatukuoni kwenye TV? Bado hujashinda?"

Aliuliza kwa upendo, najua. Ila swali lake limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu si yeye wa kwanza. Shangazi ameshaniuliza. Rafiki niliyebeba naye mabegi ya wachezaji tukiwa vijana ameshaniuliza. Mtu akisikia "gofu ya kulipwa, Uskoti", picha inayomjia ni Tiger Woods na kombe mkononi. Sasa kama sina kombe, basi ama nimeshindwa, ama nina hela nimezificha.

Mimi ni profeshno wa klabu. Hiyo ni kazi kamili, na leo naomba mnisikilize.

Nafungua duka saa moja na nusu asubuhi. Nawapanga wachezaji kwa zamu zao kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, nauza mipira na glavu, napima watu urefu wa fimbo zinazowafaa. Kuanzia saa nne nafundisha, nusu saa nusu saa, mpaka sauti inakauka. Jioni natengeneza fimbo za wanachama. Klabu inanipa malipo kidogo ya kushika nafasi, kilichobaki nakitafuta kwenye masomo na duka. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na uwanja una barafu, wanafunzi hakuna. Kwa hiyo mnaposikia kimya changu miezi ile, si kwamba nimewasahau. Ninahesabu.

Na kuna jingine linalouma kuliko kuhesabu. Mwezi uliopita mgeni aliingia dukani, akanitazama, akaniuliza profeshno yuko wapi. Nimesimama nyuma ya kaunta, cheo changu kimeshonwa kifuani. Kabla sijajibu, mzee mmoja seremala aliyekuwa anajaribu glavu pembeni akasema, "Unaongea naye. Huyu ndiye aliyenirudisha uwanjani." Akaendelea kujaribu glavu zake. Sikumwambia asante pale pale, nilishindwa.

Mzee yule aliniletea fimbo zake mwaka juzi, ameshakata tamaa ya mchezo. Mpira ulikuwa unakwenda kulia kila akipiga. Sikumwambia apige hata mara moja. Nilishika mpini wa fimbo yake ya chuma namba 7 nikautazama chini ya taa. Raba ilikuwa imelika pale gumba la kushoto linapokaa, kidimbwi kabisa, ncha ya kidole inazama. Raba hailiki hivyo mkono ukitulia. Ina maana fimbo inateleza mkononi na anaibana upya katikati ya kupiga. Nikachana mpini wa zamani kwa kisu chenye ncha ya kupinda, nikabandua utepe, nikazungusha utepe mpya wenye gundi pande mbili, nikamimina spiriti na kuusukuma mpini mpya mpaka mwisho kabla haijakauka. Mpini ule ni mnene kidogo kuliko wa mwanzo. Kisha nikamfundisha kushika fimbo kwa vidole, si kwa kiganja. Wiki sita baadaye mpira ukanyooka. Ana miaka 78 na anatembea mashimo yote 18 akivuta kitoroli chake.

Huo ni ushindi, binamu. Hakuna kamera iliyokuja kuupiga picha.

Tena mabingwa wa kwanza kabisa wa mchezo huu walikuwa watu wa kazi hii hii. Tom Morris mkubwa, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821, alianza kwa kujifunza kushona mipira ya ngozi iliyojazwa manyoya. Alitunza viwanja, akatengeneza fimbo, akafungua duka lake, na katikati ya hayo akashinda Open, mashindano makuu ya gofu ya Uingereza, mara nne: 1861, 1862, 1864 na 1867. Hawakutenganisha kushinda na kufanya kazi. Baadaye ndipo njia zilipoachana. Marekani wachezaji wa mashindano walijitenga na chama cha maprofeshno wa klabu mwaka 1968, na tangu hapo dunia inaangalia upande mmoja tu.

Hata heshima ndogo ilibidi kupiganiwa. Mwaka 1920 Open ilichezwa Deal, Uingereza, na maprofeshno hawakuruhusiwa kuingia jengo la klabu. Walter Hagen, bingwa kutoka Marekani, alikodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya jengo lile na kubadilishia nguo humo. Mwaka huo huo klabu ya Inverness kule Toledo, Marekani, iliwafungulia wachezaji milango wakati wa U.S. Open, mashindano makuu ya huko, nao wakachanga wakainunulia klabu saa kubwa ya kusimama kama shukrani. Mgeni akiniuliza profeshno yuko wapi, huwa namkumbuka Hagen na gari lake, moyo unatulia.

Na ukitaka TV, tafuta PGA Championship ya Mei 2023, mashindano makubwa ya Marekani. Kila mwaka nafasi 20 ni za maprofeshno wa klabu. Michael Block, mwalimu wa gofu wa California, siku ya mwisho pale uwanja wa Oak Hill alipiga shimo la 15 mpira ukaingia moja kwa moja, pigo moja tu, akiwa kundi moja na Rory McIlroy, mmoja wa nyota wakubwa wa gofu. Akamaliza nafasi ya 15 kwa kulingana na wengine. Nilitazama nimesimama dukani. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Wadogo zangu mnaoniandikia mkitaka kuja: msije na begi la fimbo na matumaini. Kuna kijana aliuziwa maneno na wakala kwamba kuna "majaribio" na klabu itamchukua. Hakuna klabu inayofanya hivyo. Kufanya kazi hapa kunataka mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, na karatasi hiyo inatoka kwake, haitoki kwa wakala. Mimi nilikaa miaka mitatu kama msaidizi, mchana nafagia duka na kuosha fimbo za watu, usiku nasoma kozi ya chama cha maprofeshno, PGA, chama kilichoanzishwa mwaka 1901. Tulisoma jinsi mwili unavyojizungusha, hesabu za biashara, kanuni, na ufundi wa fimbo. Kucheza vizuri kulikuwa ni mlango tu. Kama ufundi wako ni kupiga mbali, baki huko ucheze mashindano ya ridhaa kwanza. Kama unapenda kumtazama mtu mwingine akipiga vizuri kuliko jana yake, basi anza kutafuta karatasi.

Jambo moja nitawasifu Waskoti daima. Kule kwetu mnajua gofu ni ya nani, na ada sitaji. Hapa kwenye tii ya kwanza nampanga daktari, fundi bomba na dereva wa basi kundi moja, na dereva ndiye nahodha wa klabu.

Watu huniuliza mimi mwenyewe napenda kucheza vipi. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, mimi hubeba saba, begani, kwa miguu. Napenda viwanja vya pwani, vya mchanga na upepo, ambapo mpira unapigwa chini ukajiviringishia wenyewe mpaka kwenye shimo. Kupiga mpira juu pwani ni kuukabidhi kwa upepo. Napenda mechi ya shimo kwa shimo kuliko kuhesabu mapigo ya siku nzima, na zaidi ya yote napenda wawili kwa mpira mmoja, mnapokezana kupiga, maana kosa lako analibeba mwenzako bila kununa. Tangu 2019 unaweza kusukuma mpira shimoni bendera ikiwa imesimama. Mimi naing'oa. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira ukitumbukia bila kugonga mti wa bendera unatoa sauti ambayo niliisikia mara ya kwanza nikiwa mtoto nimeshika bendera ya mtu mwingine.

Juni karibu saa nne usiku bado naona mpira. Nikishafunga duka natoka peke yangu, mashimo sita tu, ya kwenda na kurudi kando ya bahari.

Nimemjibu binamu kwa sauti, dakika nne. Nikamtumia na picha ya mpini ule wa zamani wa mzee, nimeuweka kwenye droo, gumba linaonekana.