Eti na mimi nabahatisha

Leo siku ya nne na ile "na" bado inanikera. Sentensi yenyewe sina shida nayo, ni hiyo "na" tu. Jumatatu asubuhi Mama Mhasibu kasimama nyuma ya kiti changu, mimi naingiza nywila ya sa, ile akaunti kuu ya SQL Server (programu inayotunza data zetu), mara ya tatu, seva inanijibu eror ileile 18456, kuingia kumeshindikana, akasema kwa upole kabisa, "Kumbe na wewe unabahatisha, mwanangu?"

Na wewe. Kama nani sasa? Kama yule fundi aliyekuja wiki ile nyingine "kuimarisha usalama", akagusagusa setingi akawahi basi la Dar hata soda hajamaliza? Nikamjibu "hapana mama, nahakikisha tu." Nahakikisha nini! Nikiwa naoga nakumbuka, nikila nakumbuka. Shemeji kajifungua salama pale hospitali ya Ligula, dume, mi nacheka na ndugu huku kichwani nina "na".

Na kweli nilikuwa nabahatisha kidogo, tusidanganyane. Ile eror kwenye skrini inakuja na Steti 1 tu (steti ni namba ya sababu) hata sababu iwe ipi, makusudi, ili mdukuzi asijue kakosea wapi, ukweli wenyewe unaandikwa ndani kwenye logi ya seva. Nimeifungua saa sita mchana (ningeanza nayo, najua) nikakuta Steti 58, yaani SQL Server imewekwa ipokee akaunti za Windows peke yake, na sa si ya Windows, ni ya SQL Server yenyewe. Nywila ilikuwa sahihi jamani! Sahihi toka mwanzo! Na akaunti yangu ya Windows haikuwa na mamlaka humo, basi nikazima huduma nikaiwasha na -m, modi ya mtu mmoja inayomruhusu msimamizi wa kompyuta kuingia, Agent (huduma mwenzake inayoendesha kazi za ratiba) ikaniwahi ile nafasi moja ya kuingia, nikaizima nayo, nikaingia, nikarudisha modi ya kupokea akaunti za aina zote mbili, nikaristati kawaida, sa huyo kaingia.

Nikaenda mbio kwa Mama Mhasibu. "Mama, ile nywila ilikuwa sahihi."

"Nywila gani tena? Stakabadhi za korosho zinatoka?"

"Zinatoka."

"Haya, chukua mhogo huo, toka asubuhi hujala."

Hata hakumbuki! Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi kaja kuchungulia, na mhogo ulikuwa mtamu kweli.

Ila bi mkubwa kapiga toka Newala, tangi la maji ya mvua limepata ufa, na mawingu ndo hayo yameshaanza.