Kuzuru Nairobi kwa matatu: panga siku kwa barabara, si kwa ramani

Kwenye ramani, Makumbusho ya Taifa na Giraffe Centre hazionekani kuwa mbali sana. Mwenye gari lake hutoka moja hadi nyingine kwa safari moja. Abiria wa matatu hana njia hiyo. Atarudi Tao, yaani katikati ya mji, kwanza, ashuke, atembee kutoka steji moja hadi nyingine, apande tena, na akifika Lang'ata twiga wameshashiba.

Njia za matatu Nairobi ni kama vidole vya mkono: vyote vinaanzia kiganjani, na kiganja ni Tao. Kutoka kidole hadi kidole lazima upite kiganjani. Kwa hiyo usiorodheshe vivutio kwa umaarufu wake. Viorodheshe kwa barabara vilipo, kisha upe kila barabara siku yake au nusu siku. Anayechanganya Lang'ata na Westlands siku moja hutumia muda mwingi kwenye kiti kuliko mahali alikokwenda kutazama.

Namba za njia hizo ni urithi wa mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza mwaka 1934. Matatu zilipokuja zilichukua namba zilezile. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Nairobi na MIT ya Marekani, ulichora njia hizo zote kwenye karatasi moja, na baadaye data yake ikaingia kwenye Google Maps. Simu yako basi inaweza kukuonyesha njia. Isichokuambia kwa uhakika ni steji ya leo, kwa sababu steji za mjini huhamishwa, wakati mwingine kwa amri na wakati mwingine kwa mazoea tu. Tena magari mawili yenye namba moja yanaweza kupita barabara tofauti. Ndiyo maana swali la kwanza kwa konda si "hii ni namba ngapi?" bali "unapitia wapi?"

Ukitafuta steji, usimuulize kijana anayeita abiria mlangoni. Huyo analipwa gari likijaa, na jibu lake kwa kila swali ni "panda, twende." Muulize askari wa jengo, wakala wa M-Pesa au mng'arisha viatu. Chache za kukumbuka: Railways, mbele ya stesheni ya zamani ya reli, ndiko kwa 125 ya Ongata Rongai na 126 ya Kiserian, magari ya Westlands na Waiyaki Way utayapata upande wa Odeon, Tom Mboya Street, na 34 ya uwanja wa ndege husimama karibu na Hoteli Ambassadeur, hatua chache kutoka National Archives.

Nauli huwashangaza zaidi wageni kutoka Dar es Salaam au Arusha. Kule nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu. Nairobi hupangwa na saa, mvua na idadi ya watu waliosimama steji. Safari fupi kama ya Westlands ni shilingi 50 hivi wakati wa kawaida, na Rongai au Karen weka 100. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, bei hiyo inaweza kuruka mara mbili, na hakuna wa kumlalamikia. Uliza "ni ngapi?" kabla ya kupanda, si baada ya gari kuondoka. Utajibiwa kwa Sheng, kwa hiyo jua mapema: ashu ni 10, mbao ni 20, finje au chwani ni 50, soo ni 100.

Pesa hukusanywa gari likiwa njiani. Usitoe noti ya 1,000 asubuhi. Konda atasema hana chenji, ataishika noti yako, na kuanzia hapo safari yako yote ni ya kumtazama yeye badala ya dirisha. Beba noti za 50 na 100. Wakati mwingine atawapa wawili wenu noti moja na kuwaambia mgawane mkishuka; ni kawaida, lakini hakikisha mwenzako hashuki kabla yako. Matatu nyingi hupokea M-Pesa, ila namba ya kulipia hubandikwa ndani, kwa hiyo ikague ukiwa bado mlangoni kama huna pesa taslimu.

Aina ya gari nayo ina maana yake. Ile ndogo ya abiria 14, ambayo watu huiita Nissan hata kama ni Toyota, hujaa haraka na kuondoka haraka. Basi la viti 33 husubiri. Nganya, yaani zile zenye michoro, taa na muziki wa kutikisa kifua, zimeshamiri sana njia ya Rongai, panda moja angalau mara moja, maana nayo ni kivutio, lakini konda hatakusikia ukisema "shukisha." Mwambie mapema unakoshukia, ukae karibu na mlango. Yeye ndiye anayewasiliana na dereva, kwa kugonga bodi.

Kuhusu saa: asubuhi wakazi wanaingia mjini, jioni wanatoka. Mgeni aliyelala Tao anasafiri kinyume chao, na hiyo ni bahati yake. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, gari lililoshusha wafanyakazi linataka kurudi upesi kuchukua wengine, kwa hiyo halikai steji na nauli ya kutoka huwa nafuu. Saa nne hadi saa tisa barabara ni nyeupe lakini gari halitoki hadi lijae. Dakika 20 za kukaa tu ni jambo la kawaida. Ukiona viti viwili tu vimekaliwa, tafuta jingine. Au angalia vizuri: baadhi ya wale "abiria" waliokaa wamewekwa ili gari lionekane limekaribia kujaa, na watashuka mmoja mmoja kila mteja wa kweli anapopanda.

Jioni, kuanzia saa kumi, magari yanayoelekea mjini hukimbilia wanaotoka kazini, na unaweza kurudi kwa mbao au finje. Ubaya wake ni mmoja: konda akiona msongamano mbele, atatangaza mwisho wa safari mapema ili dereva ageuze. Kwa wanaotoka Lang'ata, mahali hapo mara nyingi ni Nyayo Stadium. Kutoka hapo hadi Railways ni kama kilomita mbili, na kwa miguu utafika kabla ya gari lolote lililokwama.

Tao penyewe hapahitaji matatu. Anzia National Archives, Moi Avenue, jengo lililokuwa benki. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, vito, nguo na sanaa kutoka pande nyingi za Afrika. Nenda siku ya kazi au Jumamosi asubuhi, Jumapili hapafunguliwi. Nje yake kuna sanamu ya waziri Tom Mboya, karibu na alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Kutoka hapo pita Banda Street uone Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ziko jirani kabisa. Kisha KICC, jengo la mikutano la mwaka 1973, ambalo paa lake ndilo mahali pazuri zaidi pa kuielewa Nairobi: siku isiyo na mawingu utaona mbuga upande wa kusini na milima ya Ngong kusini-magharibi. Beba kitambulisho au pasipoti, maana getini utaulizwa, na uulize kama paa liko wazi kabla ya kulipa. Kukiwa na mkutano mkubwa hufungwa.

Teremka Moi Avenue hadi kona ya Haile Selassie Avenue. Hapo palikuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Agosti 7, 1998, na leo ni bustani ya kumbukumbu yenye majina ya waliokufa ukutani. Upande wa pili wa barabara kuna stesheni ya zamani, na ukiifuata njia ya pembeni kwa dakika kumi hivi utafika Railway Museum. Humo mna behewa ambalo simba aliliingia usiku huko Kima mwaka 1900 akamtoa nje afisa wa polisi Charles Ryall. Wengi huliruka jumba hili wakikimbilia twiga. Wanakosea, kwa sababu Nairobi ni mji uliozaliwa na reli: ilifika hapa mwaka 1899, wakati hapakuwa na mji wowote.

Siku ya Lang'ata ndiyo inayohitaji hesabu, kwa sababu kituo cha kwanza kina saa yake. Kituo cha tembo yatima cha Sheldrick hupokea wageni saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi hukatwa mapema mtandaoni. Panda 125 au 126 Railways si baada ya saa tatu na nusu. Gari litapita Nyayo Stadium, uwanja wa ndege wa Wilson, lango kuu la mbuga, Bomas, kisha litaingia Magadi Road. Mwambie konda akushushe KWS Workshop (KWS ni shirika la wanyamapori la Kenya), na hapa ndipo wengi hukosea: ukisema "KWS" peke yake utashushwa lango kuu, Lang'ata Road, kilomita kadhaa kabla. Kutoka lango la Workshop ni kama kilomita moja kwa miguu, na vibao vipo.

Ukitoka, panda gari lolote la kurudi hadi Bomas. Vuka barabara, usubiri 24 inayoelekea Karen. Shukia Hardy. Giraffe Centre iko zaidi ya kilomita mbili kutoka hapo. Boda huchukua dakika chache, kwa miguu weka nusu saa, na njia ina miti ya kutosha. Kituo kilianzishwa mwaka 1979 kuokoa twiga wa Rothschild, na wageni huwalisha kutoka jukwaa lililo sawa na vichwa vyao. Rudi Hardy, panda 24 tena, na hiyohiyo inapita karibu na nyumba ya mwandishi Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912. Kurudi mjini si lazima ufuate ulikotoka: nenda mzunguko wa Karen, panda 111 inayotoka Ngong, upite Ngong Road.

Mbuga yenyewe, kilomita za mraba 117, haiingiliki kwa miguu. Matatu itakufikisha langoni tu. Usiye na gari, pale langoni kuna Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa ambayo hutembelewa kwa miguu, na kituo cha wanyama yatima jirani yake. Malipo ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si pesa taslimu. Fungua akaunti ukiwa bado hotelini, maana kufanya hivyo kwenye foleni, mtandao ukisuasua, ni mateso ya kujitakia.

Kwa upande wa Westlands, Makumbusho ya Taifa hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Mwambie konda "Museum" kabla hujapanda, kwa sababu baadhi ya magari hupita moja kwa moja bila kusimama na utajikuta Chiromo. Ndani, usitoke bila kuona mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale, iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, na uani utazame sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya rais hadi alipokufa mwaka 1974. Kutoka hapo hutalazimika kurudi Tao: fuata Kipande Road hadi Ngara, upande gari la Ruaka au Banana linalopita Limuru Road, ushukie lango la msitu wa Karura. Ni hekta zaidi ya 1,000 zilizobaki msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walizipigania. Ndani unaweza kukodi baiskeli, na maporomoko ya maji na mapango yana vibao.

Usiku ni bora kuacha matatu. Baada ya saa mbili usiku steji za chini ya Tom Mboya Street si mahali pa mgeni mwenye begi. Agiza teksi kwa simu. Mchana, hatari kubwa ni dirisha: gari likisimama kwenye msongamano, simu isiwe mkononi upande wa kioo kilicho wazi. Na siku polisi wakifanya msako wa leseni na mikanda, matatu hutoweka barabarani ghafla, kwa hiyo usipange kupanda matatu ya mwisho kuwahi basi au ndege.

Anayerudi Mombasa kwa Madaraka Express asijaribu Mombasa Road jioni. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 ni ya kulipia, na matatu nyingi hubaki chini kwenye foleni. Panda treni ya abiria kutoka stesheni ya zamani, Haile Selassie Avenue, inayokwenda kituo cha SGR, reli mpya ya Mombasa, kule Syokimau. Hukutana na treni kubwa, kwa hiyo ulizia saa yake siku iliyotangulia, na ufike mapema ukaguzi wa mizigo usikucheleweshe.