Land Rover 109 ya mjomba: isimame kwanza, kukimbia baadae

Watu wakiikuta pikapu yangu imepaki Mwanjelwa wanauliza yaleyale, inakula mafuta kiasi gani na inakimbia ngapi. Mara chache sana utasikia mtu anauliza inasimamaje. Na kwa sisi wa Mbeya mimi naona hilo ndo lilitakiwa liwe swali la kwanza, maana huku gari ikishindwa kupanda unaiweka pembeni, jiwe nyuma ya tairi, unasubiri ipoe, yameisha. Kazi ni kushuka. Mlima Nyoka, Iwambi kwenda Mbalizi, Isyonje mpaka Igawilo ukiwa na viazi nyuma, na ukielekea Dar unakutana na Kitonga, hizo sehemu kila mkazi wa huku anajua zimeshachukua watu wangapi. Kwahiyo nilipoamua kuifufua hii Land Rover 109 (hizo ni inchi toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) iwe gari ya kila siku, sio ya kutoa sikukuu tu, pesa ya kwanza nilisema inaenda kwenye breki na usukani, rangi itajijua yenyewe.

Gari ilikuwa ya mjomba wangu kule Tukuyu. Ni Series III, zile zilizotengenezwa toka 1971 mpaka 1985, spring za majani mbele na nyuma, kabini fupi na bodi ya mizigo ndefu nyuma. Ilibeba ndizi na chai miaka na miaka, af ikaja kuegeshwa chini ya mparachichi, kuku wakapata nyumba. Tukuyu mvua haina mapumziko na majani yanaota mpaka ndani ya buti. Mzee alinikabidhi funguo akaniambia, "Chukua mwipwa, ila usiende kuigeuza pambo la sebuleni, hii imezoea kazi." Nikamwambia ndaga fijo mjomba, kazi itafanya. Na ndo maana sikutaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani kila nati. Kinachoonekana nimekiacha cha zamani, kinachobeba maisha ya watu nimekibadili bila aibu.

Tuanze na chesesi maana hapo ndo wengi wanadanganywa. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haili kutu kama bati, kwahiyo unaweza ukaona gari inapendeza kabisa juu wakati chini chesesi ya chuma imebaki kama biskuti iliyolowa. Dawa yake nyundo ndogo. Unaosha tope lote, unalala chini, unagonga sentimita kwa sentimita unasikiliza. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa, na pengine nyundo inazama kabisa. Yangu ilikuwa imeoza ile mikono inayobeba bodi pembeni, chuma kile cha nyuma kinachokatisha ambapo unafungia tela, na sehemu ya kukanyagia miguu upande wa dereva. Fundi wa kwanza niliyempelekea alitaka kubandika bati juu ya bati. Nikakataa. Kutu ukiifunika inaendelea kula kimyakimya na welding inakuwa imeshikilia hewa. Nikaenda kwa fundi mwingine pale Soweto, huyo alikata mpaka akakuta chuma kinachong'aa ndo akaanza kuchomelea bati nene, af tukazibua vitundu vya kutolea maji chini ya chesesi vilivyokuwa vimeziba na tope, tukapuliza oili chafu iliyochanganywa na grisi huko ndani. Harufu yake wiki nzima ulikuwa unaisikia, ila ndo kinga.

Na aluminiamu nayo ina ugonjwa wake. Pale inapogusana na chuma, ikipata maji, inageuka unga mweupe, ukibonyeza na kidole inamomonyoka. Kwahiyo kila tulipofunga bodi kwenye chuma tuliweka vipande vya raba ya tyubu katikati na rangi ya kuzuia kutu upande wa chuma. Kuna mafundi wa bodi wanakimbilia puti, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi, kila sehemu, kwa gari ya lami labda, hii inayotingishika Kikondo puti nene inapasuka na kudondoka vipande. Sehemu zilizobonyea tumezigonga kwa nyundo ya raba taratibu, zilizochanika tumeweka kiraka cha aluminiamu na ribiti. Ribiti zinaonekana, na mimi nazipenda zionekane.

Sasa breki. Gari hii ina breki za ngoma magurudumu yote manne, inchi 11, hakuna disc. Watu wananiambia ngoma hazifai, weka disc. Ngoma zikiwa nzima zinafanya kazi nzuri sana, shida yake ni mbili, zikipata moto sana mshiko unapungua, na zikiingia maji zinalegea kwa muda mpaka zikauke. Nimebadili shuzi zote (zile pedi zinazobana ngoma kwa ndani), silinda za magurudumu zote, mipira yote ya breki, mabomba yamewekwa ya kopa mapya, na masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, nimefunga yenye njia mbili, ili bomba la mbele likipasuka nyuma bado unazo na la nyuma likipasuka mbele unazo. Kama gari yako bado ina masta silinda ya njia moja nakuomba ubadili hata kabla hujanunua tairi.

Af kuna kazi ambayo mafundi wengi wanairuka sababu haina pesa, kusogeza shuzi. Ngoma hizi hazijisogezi zenyewe. Unapiga jeki gurudumu liwe hewani, nyuma ya pleti kuna nati ya kurekebisha (mbele kila shuzi ina yake), unaizungusha huku mkono mwingine unazungusha tairi, mpaka tairi igome kabisa. Hapo unakanyaga pedeli kwa nguvu ili shuzi zikae katikati, unazungusha tena mpaka igome, ndo unarudisha kidogokidogo mpaka tairi izunguke na usikie kamlio kembamba ka shuzi kugusa ngoma, shhh, shhh, basi hapohapo unaacha. Unahamia gurudumu lingine. Ukimaliza zote pedeli inakuwa juu na ngumu, gari inasimama imenyooka haivuti upande. Mimi hiyo kazi naifanya mwenyewe uani, watoto wanashika tochi.

Breki ndo zilinichagulia hata injini, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ilikuja na injini yake ya dizeli, cc 2286, farasi 62 hivi, imechoka, moshi mweupe, na spea zake kwa sasa Mbeya unazitafuta kwa tochi. Wengi wanafunga 300 Tdi ya Defender, injini nzuri sana hiyo, ila msukumo wake, yaani nguvu ya kuzungusha, unafika Nm 265 wakati injini ya zamani ilikuwa kama 140, na giaboksi ya Series III haikutengenezwa kubeba mzigo huo, utaivunja mlimani. Nikafunga dizeli ya Toyota inayoitwa 3L, cc 2779, ileile ya kwenye Hiace na Hilux za zamani. Farasi karibu 90, msukumo karibu Nm 190, giaboksi inavumilia ukiiendesha kistaarabu, na spea za 3L hata usiku unaweza kugongea mtu mlango akakuuzia. Ila kilichonivutia zaidi ni altaneta, ile inayochaji betri. Dizeli haina ule mvuto wa hewa wa injini ya petroli unaosaidia busta ya breki, lazima uwe na pampu yake, na altaneta ya 3L pampu hiyo ya kuvuta hewa iko mgongoni kwake imeshafungwa tayari. Kwahiyo nikaweka busta, nikavuta mpira mmoja toka kwenye altaneta, na mguu ukapata msaada. Kabla ya hapo ilikuwa unasimama juu ya pedeli kweli kweli.

Kuunganisha 3L na giaboksi ya Land Rover inahitaji pleti ya kuchonga, na hapo usitafute fundi wa bei rahisi. Shafti ya giaboksi inatakiwa iingie katikati kabisa ya krenki, ikipishana hata kidogo tu inakula bearing na klachi haiachii vizuri. Fundi wa lethi alifunga saa ya kupimia kwenye krenki akaizungusha taratibu akiangalia mshale unacheza kiasi gani, akatoa pleti, akaichonga tena, akarudisha, sikumharakisha. Kitu kingine cha 3L ni timing belti, inabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa injini iliyotumika ambayo historia yake huijui unabadili siku unayoifunga. Ikikatika valvu zinagongana na pistoni.

Difu nimeziacha zilezile za 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 ndo tairi izunguke mara moja. Maana yake ukifika spidi 80 injini inapiga kelele na mimi sina sababu ya kuzidi hapo, lakini mlimani na mzigo inapanda bila kunung'unika, na wakati wa kushuka injini inashikilia gari vizuri. Kushuka Isyonje nikiwa na viazi naweka gia ileile ambayo ningepandia, breki nakanyaga nakaza naachia, nakaza naachia, sikai juu yake muda wote ngoma zikachemka. Kukiwa na utelezi nabonyeza ile nobu ya njano magurudumu yote manne yanafanya kazi, na ikizidi ule mkono mwekundu unakupa gia nzito, huko gari inatembea kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Lami kavu usiweke four, inabana giaboksi na kumaliza tairi.

Kuchemsha nako tusidharau. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta, ule unaziba presha na kupandisha kiwango cha kuchemka, mfuniko ukichoka gari inachemsha hata kama rejeta ni mpya, na ni kitu cha bei ndogo kabisa. Rejeta nimeiongezea safu, na feni ina kava lake ili ivute hewa kupitia kwenye rejeta isizungushe tu hewa ya pale pale. Kuhusu baridi, mwezi wa sita na wa saba asubuhi Isyesye unakuta barafu nyembamba kwenye majani siku nyingine, hita plagi (zile zinazopasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwasha) zikiwa zimekufa hata mbili utapiga stata mpaka betri iishe. Zipime na taa ya majaribio kabla ya msimu.

Umeme ulikuwa umeungwaungwa na kila fundi aliyewahi kuushika, nikakata wote nikaanza upya. Taa kubwa kwenye gari za zamani umeme wake unapita kwenye swichi ya usukani, safari ndefu na waya mwembamba, taa zinakuwa na rangi ya chai. Ukiweka rilei mbili karibu na betri, swichi inabaki kuamrisha tu na taa inapata umeme kamili, utashangaa balbu zilezile za kawaida zinavyowaka. Nimeongeza taa mbili za njano chini kwenye bampa kwa ajili ya ukungu. Wanaopita Kawetere kwenda Chunya au juu huko Uporoto wanaelewa, ukungu ukishuka taa kali za juu zinakurudishia ukuta mweupe machoni, taa ya chini inapita chini ya ukungu unauona ukingo wa barabara.

Ndani sikufanya makuu. Viti vya mbele nimetoa kwenye gari iliyokatwa, na nimetaka mikanda yenye kufunga begani, imefungwa kwenye chuma kilichochomelewa kwenye chesesi sio kwenye aluminiamu, maana hii gari inapeleka watoto shule. Mlango wa kulia tumeuwekea mpira mpya upepo umepungua. Sehemu ya kuchajia simu ipo, mama watoto aliidai na alikuwa na haki. Bodi ya nyuma sakafu nimetandika mbao zenye nafasi kidogo katikati maji yapite, kulabu nne kila upande za kufungia kamba, na bomba tatu zilizopindwa za kutandikia turubai. Kijani ile iliyokolea ya zamani ndo nimepiga, koti mbili, paa jeupe.

Usukani hauna pawa na nimeamua ubaki hivyo kwa sasa, ila ncha zote za tairodi ni mpya na ile rilei ya usukani iliyo kwenye chesesi mbele (sio ya umeme, ni kiungo kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairodi) tumeifungua na kuipa oili, usukani ulikuwa mzito kwa sababu ya ukavu sio kwa sababu ya uzee. Yale matufe ya ekseli ya mbele, pale magurudumu yanapokatia kona, yalikuwa yanavuja oili maana yameliwa na kutu, vishimo vyake vinachana oilseal, tumepata mengine yaliyotumika ila laini, hayavuji mpaka leo.

La mwisho ambalo watu wanalikimbia, makaratasi. Namba ya injini na ya chesesi zote zimeandikwa kwenye kadi ya gari, sasa umetoa injini ya Land Rover umeweka ya Toyota, trafiki akifungua boneti na kadi mkononi hamtaelewana. Nilienda TRA na risiti ya injini na kadi ya zamani ya mjomba pamoja na mkataba wa kunipa gari, nikaomba wabadili jina na namba ya injini kwa pamoja. Hakikisha aliyekuuzia injini anakupa risiti yenye namba yake imeandikwa, sio "injini moja 3L" tu. Na usikwangue namba kwenye chesesi wakati wa kusafisha kutu, mwambie mchomeleaji mapema ilipo, aifunike na tepu ya karatasi kabla hajawasha grenda.